Dogo ana PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) anataka kusomea tiba ya usemi kwa watoto. Kazi ipo au anaenda kujipoteza?

#1 Mzee_wa_Kiwalani
Wakuu salama. Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha sita, PCB, matokeo yanaruhusu kuchagua. Udaktari hataki, famasia hataki, kang'ang'ania hii ya kufundisha watoto kuongea. Naomba wenye uelewa: inasomewa wapi, mtu anafanya nini kutwa nzima, na soko likoje. Maana mtaani watoto waliochelewa kuongea ninawaona, ila huyo mtaalamu wao simwoni. Wateja wamejaa na duka halipo. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi.

#2 Chapati_Mbili
Kwetu anayefundisha watoto kuongea ni bibi, na halipwi. Naweka kambi hapa.

#3 Ulimi_na_Kaakaa
Mwanzisha uzi, "kufundisha kuongea" ni kipande kimoja tu. Kazi ina matamshi, lugha yenyewe (kuelewa na kujieleza, hata kwa mtoto asiyetamka neno), kigugumizi, sauti, na kula na kumeza. Hicho cha mwisho wengi hawakijui, na ndicho kinachompeleka mtaalamu wodini. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayepaliwa kila akilishwa ni mgonjwa wake.

Kusoma: Makerere walitangulia Afrika Mashariki, shahada yao ilianza 2008, na wengi walio kazini kwenye nchi zetu wametokea pale. Hapa nyumbani MUHAS (chuo cha afya Muhimbili) wana shahada inayounganisha odiolojia (mambo ya usikivu) na tiba ya usemi na lugha. Sifa za kujiunga asome kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) cha mwaka huu, si cha juzi. India shahada inaitwa BASLP, miaka 3 ya darasa na 1 ya intani. Chuo chao kikongwe ni AIISH cha Mysore, kipo tangu 1965. Afrika Kusini ni miaka 4.

Akienda nje, achukue kwanza barua ya TCU ya kutokuwa na pingamizi, na akirudi cheti kipelekwe kutathminiwa. Kuna vijana wanarudi na cheti cha miezi 6 cha mtandaoni wakidhani ni shahada.

Jambo la kuuliza chuo chochote kabla ya ada: saa za kliniki ni ngapi, na ngapi kati ya hizo ni za watoto? Kwa kulinganisha, Marekani wanadai saa 400, yaani 25 za kutazama na 375 za kushika mgonjwa mwenyewe chini ya msimamizi. Chuo kikijibu "mafunzo kwa vitendo yapo" bila namba, uliza tena.

#4 PCB_Division_Tu
Mkuu #3, mtu wa HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) mwenye Kiswahili na isimu safi hawezi? Hii si kazi ya lugha?

#5 Ulimi_na_Kaakaa
Ni ya lugha na ya mwili. Atasoma neva za fuvu, misuli ya koo, fizikia ya sauti. Ila nakubaliana na wewe kwa kitu kimoja: wa PCB wengi wakifika kwenye fonolojia wanakwama. Mwambie dogo aanze leo kujifunza kuandika sauti kwa alama za IPA, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Kliniki mtoto akisema kitu utaandika ulichosikia, siyo alichokusudia.

#6 Fundi_Masikio
Niongeze kabla hamjafika mbali. Mtoto asiyeongea anapimwa masikio KWANZA. Hata kama anageuka mlango ukibamizwa. Mlango ni sauti nzito na unatikisa sakafu, s na sh ni sauti nyembamba za juu. Mtoto anaweza kusikia ngoma na asisikie "sisi".

Wa chini ya miaka 3 hatumwombi ainue mkono. Kuna kipimo cha kizibo sikioni, mashine inatoa mlio na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka sikio la ndani, dakika chache. Kisipopita, au mtoto ana historia ya manjano kali, homa ya uti wa mgongo au kuzaliwa njiti, kuna cha kubandika nyaya kichwani. Hicho anatakiwa awe amelala, kwa hiyo aje na njaa na usingizi, anyonye pale pale. Mama akimlaza kwenye daladala njiani, siku imeharibika.

Na sikio linalotoa usaha kwa siku 14 au zaidi ni sugu. Lipelekwe likatibiwe, asiambiwe "litakauka akikua".

Kuhusu soko: Muhimbili walianza kupandikiza vifaa vya usikivu 2017. Upasuaji ni wa siku moja. Kumfundisha mtoto maana ya kile anachosikia ni miaka. Nani anafanya hiyo miaka? Ndiyo huyo mnayemuuliza.

#7 Mwl_Kibaha
Mimi naona tunazunguka. Watoto wa siku hizi hawaongei kwa sababu ya katuni na simu. Zima TV miezi 3, ataongea. Hiyo shahada ni ya kazi gani?

#8 Sauti_ya_Pwani
Mwalimu, katuni zinapunguza maongezi ndani ya nyumba, hapo sikupingi. Lakini kiziwi ukimzimia TV anabaki kiziwi, na mwenye usonji anabaki na usonji wake. Umetibu mmoja na kuwachelewesha wawili.

Alama za kutosubiri: miezi 12 habwabwaji na haonyeshi kwa kidole, miezi 18 hana neno, miaka 2 haunganishi maneno mawili. Na aliyekuwa na maneno yakapotea, umri wowote, apelekwe wiki hiyo hiyo.

#9 Chapati_Mbili
Nilijua udata, kile kigozi cha chini ya ulimi, utatajwa. Haujatajwa bado? Kwetu mtoto asiyeongea anakatwa udata, na kimeo juu yake.

#10 Ulimi_na_Kaakaa
Umeutaja wewe. Udata haumfanyi mtoto kuchelewa kuongea. Ukimbana sana unaweza kumsumbua kunyonya akiwa mchanga, au r baadaye. Mwache afungue mdomo wazi na umwambie aguse nyuma ya meno ya juu kwa ncha ya ulimi. Anagusa? Achana nao. Kimeo ndiyo kabisa hakihusiani na kuongea. Wembe wa mtaani unaleta damu isiyokatika, pepopunda na maambukizi mengine, kisha mtoto anarudi kliniki vile vile haongei, sasa anaogopa mtu yeyote anayesogelea mdomo wake. Tunapoteza vipindi 3 kumrudishia imani.

#11 Mwl_Kibaha
Na lugha mbili je? Nyumbani Kihaya, shule Kiingereza, mtaani Kiswahili. Mnataka kusema haimchanganyi?

#12 Sauti_ya_Pwani
Haimcheleweshi. Hesabu maneno ya lugha zote kwa pamoja: ana 8 ya Kihaya na 9 ya Kiswahili, ana 17. Mwenye tatizo la lugha atalionyesha kwenye lugha zote. Akiwa dhaifu Kiingereza tu, huyo anajifunza Kiingereza.

Baya zaidi ni ushauri wa "mwongelesheni Kiingereza tu" kwa mama ambaye Kiingereza chake ni cha "come, sit, eat". Umemnyima mtoto hadithi, utani na maswali ya mama yake.

#13 Nyali_Beach
Wadau wa huku Kenya tunawasoma. Mjue kuna vituo vya EARC, vilianza 1984 kwa msaada wa Wadenmarki, ndivyo vinavyopima watoto kabla ya kupangiwa shule. Mtoto anafika pale, anaandikiwa "speech", halafu anarudi kijijini kwao na karatasi. Karatasi ipo, mtu wa kuifanyia kazi yuko mji mwingine. Mwenye uzi anauliza mbona hawaonekani: wako mijini. Hiyo ndiyo sababu yangu namba moja.

#14 Kaunta_Mkoani
#13 mimi nasema ni nafasi. Serikalini nafasi za kada hii ni chache, na mwajiri asipokuwa na kasma hakuajiri hata watoto wangepanga foleni hadi barabarani. Mhitimu anafungua chumba mjini kwa kuwa mjini kuna wanaolipa. Msimlaumu.

#15 Sahani_na_Kijiko
Zote mbili ni kweli nusu. Kuna ya tatu: mzazi anakuja akitegemea dawa. Anakaa, anaona unacheza gololi na mtoto wake kwenye mkeka dakika 40, kisha unamdai hela. Anarudi mara 3, harudi ya 4.

Dawa ya hilo ni kumfanya mzazi afanye kazi mbele yako, si kutazama. Dakika 10 za mwisho mzazi ndiye anayeshika kadi, wewe unakaa pembeni unamrekebisha. Akiondoka anajua zoezi MOJA. Ukimpa matano hatafanya hata moja. Aliandike mwenyewe kwa maneno yake, au umrekodi kwa simu yake akilifanya.

#16 Mzee_wa_Kiwalani
Shukrani. Hapo kwenye kula na kumeza #3 amegusia, naomba ufafanuzi. Dogo anasoma uzi huu kwa mgongo wangu na anauliza mtaalamu wa kuongea anahusika vipi na uji.

#17 Sahani_na_Kijiko
Kwa sababu misuli ni ile ile na njia ya hewa iko jirani na njia ya chakula. Uji mwepesi unakimbia kuliko koo la mtoto linavyojifunga, unaingia mapafuni. Nimonia za kurudiarudia.

Sasa "uji mzito" wa mama mmoja ni mwepesi kwa mwingine. Ndiyo maana kuna IDDSI, mizani ya kimataifa ya uzito wa vinywaji na vyakula, daraja 0 hadi 7, na kipimo chake ni cha bei ya sindano:

Chukua bomba la sindano la ml 10, toa sindano na pistoni. Kagua kwa rula: kutoka mstari wa 0 hadi wa 10 iwe mm 61.5. Mabomba si sawa, la urefu mwingine linadanganya. Ziba tundu kwa kidole, jaza uji hadi 10, achia, hesabu sekunde 10, ziba tena. Soma kilichobaki.
Chini ya ml 1: daraja 0, ni kama maji.
1 hadi 4: daraja 1.
4 hadi 8: daraja 2.
Zaidi ya 8 lakini bado unadondoka: daraja 3.
Haudondoki kabisa: daraja 4, hapo unapima kwa kijiko.

Yanayoharibu kipimo. Kwanza joto: uji wa moto ni mwepesi, ukipoa unakaza, kwa hiyo pima ukiwa kwenye joto la kulishia. Pili, mabonge yanaziba tundu na utasoma daraja 4 ya uongo, chuja. Tatu, na hili linawapiga wengi: mate. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga. Kijiko kikitoka mdomoni kikarudi kikombeni, baada ya muda uji uliokuwa daraja 2 umekuwa maji, na mtoto anaanza kukohoa katikati ya mlo. Mama anasema "alikuwa anakula vizuri". Mimina kidogo kidogo kwenye bakuli la pili, kikombe kikuu kijiko kilichotumika kisikiguse.

#18 Chapati_Mbili
Kumbe ndiyo maana uji wangu wa jioni huwa maji. Nilikuwa nalaumu ulezi.

#19 Bomba_la_Maji
#17 basi kila mwenye mtindio wa ubongo apewe mzito tu, tumalize?

#20 Sahani_na_Kijiko
Hapana, na hili ni kosa la wataalamu pia. Uji mzito unabaki kooni kwa mtoto asiye na nguvu ya kusukuma, kisha unateremka akiwa amelala. Na anayekunywa vizito tu anakosa maji mwilini. Anza na mkao kabla ya kugusa unga: nyonga zimekunjwa kama za mtu kitini, miguu imekanyaga kitu, kichwa kimeinama mbele kidogo. Kulisha mtoto amelala chali mapajani, kichwa kimening'inia nyuma, ni kumfungulia njia ya hewa. Kijiko bapa, kiasi cha nusu, bonyeza katikati ya ulimi, subiri mdomo ufunge wenyewe. Usikwangue kwenye meno ya juu. Macho kulengalenga, sauti kuwa ya majimaji baada ya kumeza, kupumua kwa kelele: simama. Na wapo wanaopaliwa kimya bila kukohoa, kwa hao utategemea historia ya kifua na, panapowezekana, picha ya eksirei ya kumeza.

#21 Nyali_Beach
Turudi kwa dogo. Kitu kitakachomsumbua akishahitimu ni vipimo. Karibu vyote vimetungwa kwa Kiingereza. Kuna orodha ya maneno ya watoto wadogo iliyotengenezwa Kilifi kwa Kiswahili na Kigiriama, ikachapishwa 2015. Uzuri wake, mzazi haijazi mwenyewe, anaulizwa kwa mdomo, kwa hiyo asiyejua kusoma hakosi. Mwaka huo huo watafiti wengine walichapisha utafiti wa matamshi ya Kiswahili uliofanyiwa Dar, watoto wa miaka 3 hadi karibu 6.

#22 Ulimi_na_Kaakaa
Huo wa Dar ni watoto 24. Ni mwanzo mzuri, ila usiusome kama Katiba.

Na #8 naomba nikuchokoze kidogo. "Miaka 2 haunganishi maneno mawili." Hicho ni kipimo cha Kiingereza. Kwetu "nimekupikia" ni neno moja lina ni, me, ku, pik, i, a. Mtoto anayesema "nipe" kaunganisha mtendwa na kitenzi, na kwa hesabu ya maneno amepata 1. Ukitumia wastani wa maneno kwa sentensi, utamwona Mswahili ni dhaifu kuliko alivyo. Hesabu viambishi.

#23 Sauti_ya_Pwani
Napokea, ila si nzima. "Nipe" kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu ni kitu kimeshikwa kizima, kama "habari". Hajui kuwa ni + pa. Utajua anaunganisha akisema "mpe", "nipikie", "nibebe", yaani kiambishi kimehama. Na viambishi vya nafsi huwa wanaviacha mwanzoni, "meanguka", "takula". Nairobi hata watu wazima wanaviacha. Kwa hiyo viambishi navyo vina mtego. Mimi kwa wazazi nitaendelea kusema mawili, maana "doli meanguka" mzazi yeyote anaisikia.

#24 Ulimi_na_Kaakaa
Kwa mzazi sawa. Kwenye ripoti hapana.

#25 Minneapolis_Baridi
Salaam kutoka huku kwenye theluji. Swahili ina soko shuleni huku kwa sababu ya familia za Kongo. Tatizo: mkalimani wa Tanzania anamsikia mtoto wa Bukavu akisema "minataka", "eko wapi", "abari", anaandika kwamba mtoto anakosea sarufi na h hawezi. Hiyo ni Swahili ya kwao, wazazi wake wanasema hivyo hivyo. Kabla ya kuandika kosa, rekodi dakika 5 za mzazi akiongea na mtoto. Kinachotoka kwa mzazi si kosa la mtoto.

Njia ya leseni huku kwa anayeuliza: masters, mtihani wa Praxis alama 162, kisha mwaka wa uangalizi, wiki zisizopungua 36 na saa 1,260. Wengi wanakwama kwenye masters, siyo kwenye Praxis.

#26 Kaunta_Mkoani
Haya, sababu ya nne ya kutowaona imejitokeza yenyewe: wako Minneapolis.

#27 Minneapolis_Baridi
😂 Niacheni nifagie theluji.

#28 Mwl_Kibaha
Kwa hoja ya #25, darasani kwangu nina wanaosema "karamu" kwa kalamu na "kura" kwa kula. Hao nao ni Swahili ya kwao? Niache kuwasahihisha?

#29 Ulimi_na_Kaakaa
Mwalimu, sahihisha imla yako, ndiyo kazi yako. Ila usimpeleke kliniki. Kisukuma kina l, hakina r. Kikikuyu kinyume chake. Mtoto analeta sauti za nyumbani. Wa kliniki ni yule ambaye nyumbani kwao wote wanatamka na yeye peke yake hatamki.

Mfano wa wa kliniki: miaka 4 na nusu, k zote ni t, g zote ni d. Mama anasema "kaa kwenye kiti", yeye anarudia "taa twenye titi", darasa zima linacheka.

#30 PCB_Division_Tu
Hahaha pole yake. Sasa huyo unamtibuje, hatua kwa hatua?

#31 Ulimi_na_Kaakaa
Anza na jozi zinazotofautiana kwa sauti hiyo moja tu, na zinazochorika: kaa/taa, kope/tope, kanga/tanga. Weka kadi mbili mezani. Wiki ya kwanza haongei, anasikiliza: "nipe kope", achague. Akikosea kuchagua ujue hata kusikia tofauti hajasikia, usikimbilie mdomo.

Kisha yeye ndiye anayeagiza na wewe unatoa. Akitaka kope akasema "tope", mpe tope. Usimwambie amekosea. Mshangao wa kupewa kisichotakiwa unafanya kazi kuliko mahubiri yako.

Kutoa k yenyewe: alale chali, ulimi unarudi nyuma wenyewe, au asukutue maji kidogo apate hisia ya koo. Au zuia ncha ya ulimi kwa kijiti safi cha mbao aseme "ta", itatoka "ka". Usisukume ulimi ndani, atatapika. Baada ya hapo panda: silabi (ka, ko, ku kwanza, maana ki na ke ulimi unasogea mbele na atarudi t), neno, neno ndani ya sentensi, maongezi. Hupandi mpaka apate 8 kati ya 10 vipindi viwili mfululizo.

Idadi ndiyo inayosahaulika. Mtoto akitamka mara 15 ndani ya nusu saa mmecheza tu. Lenga 100. Vizibo vya soda 10 kwenye kopo, kila neno kizibo kimoja kinahama, kopo likijaa mara 10 mmefika. Wa chini ya miaka 3 tumia vitu vikubwa kuliko mdomo wake.

#32 Bomba_la_Maji
Huko kliniki niliona wanawapulizisha watoto maputo na mirija. Hiyo ya nini?

#33 Ulimi_na_Kaakaa
Ya kujaza muda. Kupuliza hakurekebishi matamshi. Ingekuwa hivyo wapiga tarumbeta wote wangekuwa watangazaji.

#34 Sahani_na_Kijiko
Usiwe mkali hivyo, kuna watoto filimbi ndiyo inayowafungua, wanaanza kutazama uso wako.

#35 Ulimi_na_Kaakaa
Basi iandike "kumvuta umakini" kwenye faili, usiandike "kuimarisha misuli ya usemi". Hasa kwa waliofanyiwa upasuaji wa kaakaa. Hao hewa inavujia puani, na filimbi wanajifunza kupuliza huku wakivuja vile vile. Weka kioo kidogo cha baridi chini ya pua, mwambie aseme sentensi isiyo na m, n, ny wala ng': "kaka apate kitabu", "baba hupiga pasi". Kioo kikipata ukungu, hewa inavuja. Wanaotumia "mama" kupima, mama inapita puani kwa kila binadamu, watamrudisha mtoto mzima kwa daktari wa upasuaji.

Na tahadhari ya Kiswahili: b, d, g zetu wengi tunazivuta ndani kidogo, hazina mlipuko kama za Kizungu. Pima shinikizo la hewa kwa p, t, k, s.

#36 Fundi_Masikio
Mtindo huo huo kwa wenye vifaa vya usikivu: sauti 6 kila asubuhi kabla ya shule, a, i, u, m, s, sh. Simama pembeni mita 1, mdomo umefichwa kwa karatasi, usizipange kwa mfuatano ule ule, na nafasi kati ya sauti isiwe sawa, maana mtoto anakariri mdundo. Akikosa s na sh ghafla, angalia betri kabla ya kumlaumu.

#37 Mama_Wawili
Samahani kuingilia. Wa kwangu miaka 4, kigugumizi, miezi 2 sasa. Naambiwa nimwambie aongee polepole.

#38 Sauti_ya_Pwani
Dada, acha kumwambia hivyo kwa sasa, na usimmalizie sentensi. Umri huo wengi huacha wenyewe, ila hakuna anayejua nani ataacha, kwa hiyo mpeleke apimwe. Kuna utaratibu wa Lidcombe, ulitokea Sydney, kwa walio chini ya miaka 6. Mzazi ndiye anayeutoa, dakika 10 hadi 15 kila siku, na kila jioni anaandika alama 0 hadi 9 ya ukali wa siku hiyo. Mtoto akisema laini unamsifu, "hapo imetoka laini". Usianze bila mtaalamu kukuonyesha, sifa zikizidi zinageuka kero. Unachoweza kuanza leo ni hiyo namba ya kila jioni. Ukifika na namba za wiki 3 umemwokolea mtaalamu kipindi kizima.

#39 Mama_Wawili
Asante. Naanza leo.

#40 Mzee_wa_Kiwalani
Wakuu mmenifungua. Swali la mwisho la dogo: akihitimu akafungua chumba chake, aanze na nini, na watoto wangapi kwa siku?

#41 Kaunta_Mkoani
Usajili wa baraza kwanza, kuna sheria ya 2017 ya madaktari na wataalamu wa afya shirikishi. Leseni ukutani, kisha mkeka.

Hesabu: kipindi dakika 45, na 15 za kuandika. Saa 8 kazini, ukitoa mapumziko na maandalizi, ni watoto 6, siyo 8. Akijaza 8 faili zinaandikwa Jumamosi kwa kukumbukia, na kumbukumbu ya Jumamosi ni riwaya. Na apange bajeti kama vile mmoja kati ya 5 hatatokea, mvua ikinyesha zaidi. Malipo ya vipindi 4 kwa pamoja yanamfanya mzazi arudi, ila aweke kwenye karatasi nini kinatokea mtoto akiugua.

#42 Ulimi_na_Kaakaa
Vifaa: meza na viti vifupi miguu ya mtoto ifike chini, kioo cha ukutani cha kutosha nyuso mbili, mkeka, kadi 40 za picha alizopiga mwenyewe kwa simu (sufuria la hapa, siyo la katalogi), kopo la vizibo. Simu ya kurekodi kwa idhini ya mzazi. Asikodi chumba cha bati tupu bila dari, mvua ikianza amefunga kliniki. Na feni azime akirekodi.

#43 Nyali_Beach
Bado sijakubali hoja ya nafasi ya #14. Kaunti zingine huku zina nafasi zimetangazwa na hakuna aliyeomba.

#44 Kaunta_Mkoani
Zimetangazwa kwa mshahara gani? Weka hapa tuone.

#45 Sahani_na_Kijiko
Mkimaliza kugombana, mtu aniambie bomba la ml 10 lenye mm 61.5 Kariakoo linapatikana duka gani. Mawili ya mwisho niliyopima yalikuwa mafupi.

#46 Chapati_Mbili
Nenda na rula. Wakikuuliza, sema unapima uji.